Lilipotea kwa Nani?

Tarehe 6 Februari 2015, katika maonyesho ya Rétromobile jijini Paris, kampuni ya mnada ya Artcurial iliuza Ferrari lililojaa vumbi kwa Euro 16,288,000. Lilikuwa 250 GT California Spider la mwaka 1961, moja kati ya magari 37 ya aina hiyo yenye chesi fupi na taa za mbele zilizofunikwa. Liliwahi kuwa mali ya mwigizaji Alain Delon. Kwa miaka mingi lilikaa kwenye banda la shamba magharibi mwa Ufaransa, likiwa limelaliwa na marundo ya magazeti, kando ya Maserati lililokuwa limebebeshwa mzigo kama huo. Magari 59 ya shamba lile yaliingiza zaidi ya Euro milioni 25 siku moja. Vumbi halikufutwa kabla ya mnada, na huo haukuwa uzembe. Vyombo vya habari vikakubaliana kuhusu neno la kutumia: ugunduzi.

Neno hilo halipaswi kupita bila kukaguliwa. Magari yale yalikusanywa na Roger Baillon, mfanyabiashara wa usafirishaji aliyekusudia kujenga jumba la makumbusho. Biashara ilipoyumba miaka ya 1970, baadhi yaliuzwa na mengine yakabaki yalipoegeshwa, mengi yakiwa chini ya mapaa ya mabati yasiyo na kuta. Mzee akafa, mwanawe akarithi. Mwanawe naye alipofariki, warithi waliipigia simu Artcurial. Wataalamu wawili wakafunga safari mwaka 2014, wakakaribishwa na wenye mji, wakaonyeshwa. Kwa lugha ya kawaida, hao walikuwa wageni walioalikwa.

Hakuna sababu ya kuwabeza. Walifanya kazi halisi, na tutaiona baadaye. Lakini kazi hiyo haikuwa kuliona gari kwa mara ya kwanza, na mtu akitaka kuelewa biashara ya magari ya kale yaliyokaa ghalani lazima aanze na swali ambalo matangazo ya mnada hayaulizi: gari lilikuwa limepotea kwa nani?

Mara nyingi jibu ni kwamba halikupotea kwa yeyote aliyeishi karibu nalo. Mwaka 1955 daktari wa upasuaji wa mifupa wa Newcastle, Uingereza, alinunua Bugatti 57S Atalante la mwaka 1937, namba ya chesi 57502, ambalo mmiliki wake wa kwanza alikuwa Earl Howe, rais wa kwanza wa klabu ya madereva wa mashindano wa Uingereza. Akaliendesha kwa miaka michache, akaliingiza gereji mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafunga mlango. Daktari alifariki mwaka 2007, na Februari 2009 kampuni ya Bonhams ikaliuza Paris kwa Euro 3,417,500. Magazeti yalieleza jinsi ndugu walivyofungua gereji wakapigwa na butwaa. Huenda butwaa ilitokana zaidi na bei. Mashabiki wa Bugatti walijua chesi hiyo iko mikononi mwa nani, na wapo waliokuwa wamejaribu kuinunua wakakataliwa. Jamii ya Bugatti ni ndogo na madaftari yake ni makubwa. Gari lenye namba na mwenyewe, likiwa limefungiwa tu, halihesabiki kuwa limepotea.

Mfano wa wazi zaidi uko Pierce, mji mdogo wa Nebraska, Marekani. Hapo palikuwa na duka la Chevrolet lililofunguliwa mwaka 1946 na kufungwa mwaka 1996. Mwenye duka alikuwa na kanuni moja isiyo ya kawaida: gari jipya lisilouzwa mwaka wake hakulipunguzia bei ili liondoke, alilihifadhi. Magari yaliyochukuliwa kwa wateja kama sehemu ya malipo nayo yalipelekwa shambani, yakakaa hadi miti ikaota kati yake. Paa la jengo alimoyahifadhi mapya lilipoanguka kwa uzito wa theluji, mengi yakabaki nje. Tarehe 28 na 29 Septemba 2013 magari 500 hivi yalipigwa mnada hadharani mbele ya maelfu ya watu, baadhi yakiwa yametembea maili chache tu tangu yatoke kiwandani. Pikapu ya Chevrolet Cameo ya mwaka 1958, yenye maili 1.3 kwenye mita yake, ilipata dola 140,000. Huo nao uliitwa ugunduzi, ingawa wakazi wa Pierce walikuwa wakiyapita magari hayo kwa miongo mingi wakienda dukani.

Kwa hiyo anayegundua ni soko, na soko lina tabia ya kudhani kwamba lisichokijua hakijulikani. Tabia hiyo ina faida zake. Gari linalozunguka minada lina kumbukumbu ya bei: mwaka fulani lilifika kiasi fulani, mwaka mwingine halikufikia bei ya chini aliyoiweka muuzaji, na kila mnunuzi anaijua historia hiyo. Gari ambalo halijauzwa tangu 1971 halina bei ya jana ya kubishana nayo. Dalali anaweza kulipangia makadirio akianzia kwenye karatasi nyeupe, na wanunuzi wawili wenye fedha na hamu wanatosha kufanya mengine. Aidha, gari la namna hiyo linamwachia mnunuzi uamuzi ambao gari lililotengenezwa upya limekwisha kuufanya kwa niaba yake: kulihifadhi lilivyo, au kulivua lote na kulisuka upya. Uhuru huo unauzwa, na vumbi ndilo lebo yake.

Tatizo ni kwamba vumbi ni lebo rahisi kuigiza. Mtu yeyote mwenye gari kuukuu, unga laini wa udongo na subira ya wiki moja anaweza kulipatia gari lake miaka 30 ya upweke. Wanaojua hawaangalii juu ya boneti. Wanaangalia chini ya zulia la sakafu, ndani ya mifereji ya milango, nyuma ya dashibodi, mahali ambapo muda hufanya kazi yake bila kutazamwa na ambapo mghushi huchoka kufika.

Masimulizi nayo huigizwa. Mwaka 2007 zilisambaa duniani picha za magari 180 hivi yaliyobanana ndani ya ghala nchini Ureno. Zilifuatana na maelezo matamu: wanandoa wa Kimarekani waliostaafu walinunua shamba, wakakuta ghala lenye milango iliyochomelewa, wakaikata, wakakutana na hazina. Magari na picha vilikuwa vya kweli. Wanandoa hawakuwapo. Waliofuatilia walikuta kwamba mwenye magari alikuwa mfanyabiashara wa magari aliyekuwa akijiwekea yale yaliyomvutia katika miaka ya 1970 na 1980, kwamba alijua alichonacho, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza yapigwe picha. Kilichoongezwa ni mwenye mali asiyejua thamani ya mali yake. Hadithi ya ugunduzi haisimami bila mhusika huyo, na ndiyo maana asipokuwapo anatungwa.

Polisi wa Los Angeles walitunga toleo lao pia. Februari 1978 Ferrari Dino 246 GTS la mwaka 1974 lilifukuliwa kwenye uwanja wa nyumba moja jijini humo, likiwa limezikwa zima huku matundu yake yamezibwa kwa taulo. Ilisemwa kwamba watoto waliokuwa wakichezea udongo ndio waliogonga bati. Miaka mingi baadaye ikaelezwa kwamba watoto walitungwa ili kumficha mtoa taarifa aliyewadokezea wapelelezi. Gari lilikuwa limeibwa mwaka 1974 kwa mpango wa kuidanganya kampuni ya bima, na waliopewa kazi ya kulimaliza walionekana kukusudia kulirudia, maana hakuna anayeziba matundu ya gari kwa taulo ili lioze.

Ukiondoa mgeni aliyealikwa, kijiji kinachojua, vumbi la kupulizwa na watoto wa kutunga, je, kuna kinachobaki? Kipo, na ni kigumu kuliko vyote hivyo. Ugunduzi ni tukio linalotokea kwenye kumbukumbu. Unatokea pale kitu na maandishi yake, vilivyokuwa vimeachana, vinapokutanishwa tena kwa ushahidi usiopingika kirahisi, kiasi kwamba orodha fulani mahali fulani inalazimika kurekebishwa. Kama hakuna orodha iliyobadilika, kilichotokea ni uuzaji.

Ford Mustang mbili za rangi ya kijani zilizotumika katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968 zinaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko mifano mingine, kwa sababu zilitoka pamoja zikapata hatima tofauti. Moja iliendeshwa na Steve McQueen mbele ya kamera. Nyingine ilibebeshwa kazi ya kuruka kwenye vilima vya San Francisco, ikaumia, ikapelekwa kwenye magari ya kutupwa.

Ya kwanza ilinunuliwa mwaka 1974 kwa dola 6,000 kupitia tangazo la jarida. Familia iliyoinunua iliitumia kama gari la nyumbani. Mwaka 1977 McQueen aliandika barua akiomba auziwe, hakuuziwa. Klachi ilipokufa mwaka 1980 gari likaegeshwa. Mashabiki waliendelea kulitafuta, na mengi yakaandikwa kuhusu kupotea kwake, hadi Januari 2018 lilipoonyeshwa Detroit, na Januari 2020 likauzwa kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada za mnada. Muda wote huo barua ya McQueen ilikuwa imehifadhiwa na wenye gari. Hawakuwa wamepoteza chochote. Walichofanya mwaka 2018 ni kutangaza, na kutangaza ni jambo zuri, ila haliitwi kugundua.

Ya pili ndiyo inayostahili neno. Ilionekana Baja California, Meksiko, ikiwa imepakwa rangi nyeupe, katika hali ambayo mwenyewe hakuona ubaya wa kuikatakata: nia ilikuwa kuigeuza iwe nakala ya Mustang ya filamu nyingine. Waliokuwa nayo walijua wana bodi ya Mustang ya 1968. Hakuna aliyejua ni ipi, hadi namba iliposomwa.

Namba hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Gari la McQueen ni 8R02S125559. Tarakimu ya kwanza, 8, ni mwaka wa toleo, 1968. R ni kiwanda cha San Jose, California. 02 ni aina ya bodi, ile ya milango miwili yenye paa linaloteremka hadi nyuma. S ni injini, yaani V8 ya inchi za ujazo 390. Tarakimu sita za mwisho ni foleni ya uzalishaji. Gari la Meksiko lilikuwa 8R02S125558: lilitangulia lile la McQueen kwa nafasi moja. Kampuni ya filamu ilikuwa imeagiza magari mawili yanayofanana, na kiwanda kikayapa namba zinazofuatana, bila kujua kwamba kinatayarisha ushahidi wa nusu karne baadaye. Kevin Marti, mtaalamu anayeshikilia kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia matoleo ya 1967, alisafiri mwaka 2017 kwenda kulikagua. Alilinganisha namba na kumbukumbu, akaangalia sehemu zilizoimarishwa ili gari listahimili kuruka, akathibitisha. Siku ile bodi iliyokuwa karibu kugeuzwa kuwa bandia ya gari jingine ikawa gari lenyewe lililokuwa limeandikwa kuwa limetupwa. Hakuna bati lililobadilika. Kilichobadilika ni tunachokijua kuhusu bati hilo.

Hapo ndipo kazi ya wale wataalamu wawili wa Artcurial inapopata uzito wake. Kufika shambani hakukuhitaji utaalamu wowote. Utaalamu ulihitajika katika kusoma namba za chesi na injini moja moja, kuzilinganisha na madaftari ya watengenezaji, na kujua bodi ipi ilitoka karakana ipi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kwa magari ya kifahari hata baada yake, kampuni moja ilitengeneza chesi, yaani fremu ya chini pamoja na injini na magurudumu, na karakana nyingine ikaivisha bodi. Bodi ziliweza kuhamishwa. Injini zilibadilishwa. Gari moja la mwaka 1938 laweza kuwa limebeba vipande vya matatu, na kila kipande kina wakili wake.

Upo ugunduzi wa aina nyingine, usiohusu namba. Gari ambalo halikuguswa tangu liliposimama ni ushahidi wa jinsi lilivyotengenezwa: rangi ilipakwa tabaka ngapi, uzi upi ulishonea viti, skrubu zilikuwa za aina gani na zilikazwa zikielekea wapi, fundi wa kiwandani aliandika nini kwa chaki nyuma ya mbao za mlango. Magari yaliyosukwa upya mara mbili au tatu yamejaa makisio ya mafundi waliofuata, yaliyokwisha kurudiwa hadi yakaaminika. Ndiyo maana mkataba wa Turin wa mwaka 2012, uliopitishwa na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, unatanguliza kuhifadhi kuliko kutengeneza upya. FIVA hulihesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha miaka 30, likitunzwa katika hali inayolingana na historia yake na likiwa halitumiki kwa safari za kila siku. Kwa kipimo cha mwisho, magari mengi ya barabara zetu hayatakaa yawe ya kihistoria hata yafikishe miaka 60.

Ushahidi huo hauhifadhiwi na muda wenyewe. Unahifadhiwa na ukavu. Hewa yenye unyevu chini ya asilimia 50 hivi hupunguza sana kasi ya kutu. Banda bovu lenye upepo mara nyingi hulitunza gari kuliko turubai la plastiki lililobanwa vizuri, kwa kuwa turubai hunasa mvuke unaopanda kutoka ardhini na kuugeuza matone ya maji kwenye bati kila usiku. Mahali alumini inapogusana na chuma penye unyevu, metali hizo hufanya kazi kama betri ndogo na alumini huliwa, ndiyo maana bodi za alumini zilizofungwa kwenye fremu za chuma hutoboka pale pale pa maungio. Petroli hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utomvu unaoziba kabureta. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani, na maji hayo hula silinda za breki kutoka ndani. Panya hula waya na sufi ya viti, kisha hujenga viota.

Kwa sababu hiyo saa ya kwanza baada ya mlango kufunguliwa ndiyo yenye hatari kubwa, hata kuliko miaka 40 iliyotangulia. Mtu mwenye furaha huunganisha betri akawasha. Ringi za pistoni zilizoshikana na kuta za silinda kwa kutu hukwaruza au kuvunjika, na injini iliyokuwa na namba yake halisi inakuwa chuma chakavu chenye namba halisi. Fundi anayejua huchomoa plagi, humimina mafuta mepesi katika kila silinda, huacha siku kadhaa, kisha hujaribu kuizungusha injini kwa mkono, taratibu, huku akisikiliza. Kabla ya hapo amepiga picha kila kitu kilipokuwa, pamoja na magazeti juu ya boneti. Tarehe ya gazeti la chini kabisa inaweza kuonyesha gari lilisimama lini kwa uhakika kuliko kumbukumbu ya mjukuu.

Wakazi wa Tulsa, Oklahoma, waliamua kutomwachia mjukuu kazi hiyo. Mwaka 1957 walizika Plymouth Belvedere jipya katika chumba cha zege chini ya ardhi, lifukuliwe baada ya miaka 50. Ilisemwa chumba hicho kingeweza kustahimili bomu la nyuklia. Waliweka na petroli, iwapo mwaka 2007 haitapatikana. Bomu halikuja, maji ndiyo yaliyokuja. Gari lilitolewa Juni 2007 mbele ya umati likiwa donge la kutu lenye umbo la Plymouth. Mshindi wa shindano la kukisia idadi ya wakazi wa mji mwaka huo, ambaye ndiye aliyekuwa alipewe gari, alikuwa amefariki mwaka 1979. Tarehe, mahali, mwenyewe na namba vyote vilijulikana, na kwa hiyo hakuna kilichogunduliwa isipokuwa tabia ya zege.

Bugatti Brescia la mwaka 1925 lililolala katika Ziwa Maggiore, upande wa Uswisi, lilipata bahati tofauti. Kwa masimulizi ya huko, maofisa wa forodha walilizamisha mwaka 1936 kwa sababu ya ushuru usiolipwa, likiwa limefungwa mnyororo ili liweze kuvutwa tena. Mnyororo ukakatika, gari likashuka hadi kina cha meta 53. Mzamiaji alilikuta mwaka 1967, na kwa miaka 40 iliyofuata likawa kivutio cha wazamiaji, mpaka lilipoinuliwa Julai 2009 ili kuchangia mfuko wa hisani. Januari 2010 liliuzwa kwa Euro 260,500, na mnunuzi, Peter Mullin wa California, akaliweka kwenye jumba lake la makumbusho lilivyo, na kutu yake yote. Sehemu iliyokuwa imezama matopeni ilisalimika zaidi, maana matope hayana oksijeni ya kutosha kulisha kutu. Nani aligundua? Mzamiaji wa 1967, bila shaka. Yeye hakujua namba, lakini kabla yake palikuwa na tetesi na baada yake palikuwa na gari.

Linabaki suala la mwenye mali, ambalo hadithi za ghalani hulipita haraka. Kitu kilichopotea kina mtu aliyekipoteza. Ferrari 375 Plus la mwaka 1954, chesi 0384 AM, liliibwa Ohio katika miaka ya 1980 likiwa gofu lililoegeshwa wazi, likaibukia Ubelgiji, likatengenezwa upya, na likazua madai baina ya pande za mabara mawili. Bonhams ililiuza Goodwood Juni 2014 kwa zaidi ya Pauni milioni 10.7, kwa maelewano yaliyodhaniwa kuwa yamemaliza mgogoro. Kesi ziliendelea mahakamani London hata baada ya nyundo kugongwa. Gari hilo lilipoonekana Ubelgiji, lilikuwa limegunduliwa au limekamatwa? Jibu lilitegemea mtu anaishi upande gani wa Atlantiki.

Afrika Mashariki jambo hili huenda kwa njia nyingine. Huku gari likishindikana linapandishwa juu ya mawe uani, na mtaa mzima unajua ni la nani, liliharibika nini na fundi gani alilishindwa. Halifichwi. Linapungua: leo kabureta, mwezi ujao kioo cha pembeni, baadaye gia boksi nzima, kwa kuwa spea yake bado inatafutwa na gari jingine lililo barabarani. Pwani, chumvi ya hewani huchukua kilichoachwa na mafundi. Kwa hiyo gari la kale hapa hupotea kwa kugawanywa, na anayetaka kuligundua angelazimika kuzunguka gereji sita.

Penye madai makubwa ni kwenye magari ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973. Magari ya aina hizo yaliuzwa pia kwa walimu, madaktari na maofisa wa wilaya, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo idadi ya yale yanayosemekana kuwa yalishindana inavyopanda. Yangekuwa yote yalishiriki, barabara ya Nakuru ingehitaji njia nane. Kipimo ni kile kile cha Meksiko: matundu ya taa za ziada na uimarishaji wa chini ya bodi ni dalili, picha ya mashindano yenye namba ya usajili inayosomeka ni nusu ya ushahidi, na kadi ya gari yenye namba ya chesi inayolingana ndiyo nusu ya pili. Kadi hiyo huwa imo sandukuni kwa mjane, chini ya vyeti vya shule, na anayeipata huko amegundua zaidi ya yule aliyeliona gari uani.

Gari linalotafutwa kuliko yote duniani lina hali iliyo kinyume: karatasi zipo, bati halipo. Bugatti ilitengeneza 57SC Atlantic nne tu. Bodi zake zilikuwa na mshono uliosimama kama pezi kutoka mbele hadi nyuma, uliobanwa kwa riveti, urithi wa gari la majaribio la mwaka 1935 lililotumia aloi ya magnesi isiyochomeleka. Moja, chesi 57453, lilikuwa jeusi na likatumiwa na Jean Bugatti mwenyewe. Linatajwa katika orodha ya magari yaliyopelekwa Bordeaux wakati majeshi ya Ujerumani yakiingia Ufaransa. Baada ya hapo hakuna kitu. Kampuni ya Bugatti imekadiria kwamba likipatikana lingekuwa na thamani ya zaidi ya Euro milioni 100, na mwaka 2019 ilionyesha gari jipya moja kwa heshima yake, kwa Euro milioni 11 kabla ya kodi, kwa ajili ya mteja asiyependa kusubiri.

Tofauti na Ferrari la Baillon, hili limepotea kwa kila mtu, na orodha inayosubiri kurekebishwa inajulikana. Hata hivyo kulithibitisha kungekuwa vigumu kuliko kulipata. Ndugu yake mmoja, chesi 57473, aligongwa na treni nchini Ufaransa mwaka 1955. Mabaki yake yakauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, yakaokolewa, yakajengwa upya zaidi ya mara moja, na hadi leo wataalamu hubishana ni kiasi gani cha gari la 1936 kimo ndani ya gari linaloonekana. Huyo ana historia isiyokatika, na bado kuna ubishi. Atakayejitokeza kesho na Atlantic nyeusi kutoka ghala lolote kati ya Alsace na Bordeaux ataulizwa kuhusu miaka 80 ambayo haina karatasi, na watu watakaolipima watachubua rangi nyeusi wakitafuta umri wa alumini iliyo chini yake, kisha watalala chali chini ya fremu na taa na lenzi, wakisoma kama mihuri ya tarakimu tano za 57453 iligongwa kabla ya kutu au baada yake.